Fimbo, Kivuli na Darubini ya Bomba
Hotuba ya walimu na wazazi wa Klabu ya Sayansi, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni siku ya kumbukumbu ya kambi



Kamati imetuomba tueleze habari za wanafunzi wetu sita ambao kazi zao zilitunukiwa katika maonyesho ya sayansi ya kanda mwaka 2018. Wengi wenu mmekiona cheti ukutani mwa ofisi, mkapita. Wengine mlisikia tu kwamba watoto walitengeneza darubini, habari ikaishia hapo. Sisi tuliokuwa nao, walimu watatu na wazazi wawili, tumeona tuyaseme yote, pamoja na yale ambayo hayakutupendeza, kwa sababu jarida hili litasomwa na watakaokuja nyuma yetu.

Mambo yalianzia chini ya mwembe, mahali pa foleni ya mgao. Ilikuwa tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, siku jua lilipopatwa. Huko kusini, Rujewa mkoani Mbeya, watu waliona pete kamili ya moto. Sisi huku mkoani Kigoma tuliona jua limemegwa likabaki kama mundu. Watu waliinua macho juu, na hilo tunalikemea mpaka leo, maana jua huunguza jicho kwa ndani bila maumivu, na mtu hujua kesho yake. Lakini binti mmoja wa mtaa wa pili alikuwa ameinama akichunga debe la mama yake. Akaona mchanga wote umejaa vimundu vidogo vidogo, mamia, vyote vimeelekea upande mmoja. Akauliza: mwalimu, hivi vinatoka wapi?

Jibu ni kwamba kila nafasi kati ya majani ni tundu, na tundu dogo huchora chini sura ya kitu kinachotoa mwanga. Siku zote vile viduara vya mwanga chini ya mwembe ni picha za jua. Hatuvitazami kwa sababu jua ni la mviringo na tumeyazoea mazoea. Wiki iliyofuata watoto walitengeneza sanduku la karatasi ngumu lenye tundu la sindano upande mmoja na karatasi nyeupe upande wa pili, wakatazama nyumba za jirani zikiwa kichwa chini. Klabu ilizaliwa hivyo, bila barua wala bajeti.

Kazi iliyopata zawadi ya pili katika maonyesho haikuwa darubini, ingawa watu hawapendi kuamini. Ilikuwa fimbo. Mwezi Septemba 2017 vijana walisimamisha fimbo ya mita moja nyuma ya shule, wakaihakikisha kwa timazi ya fundi mwashi, nao wakawa wanapima kivuli mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Mchana kivuli hupungua, hupungua, kisha huanza kurefuka tena. Pale kinapokuwa kifupi kuliko vyote ndipo jua limefika juu kabisa.

Tatizo likajitokeza wiki ya kwanza. Vitabu vinasema jua huwa juu kabisa saa sita mchana. Fimbo yetu ilisema ni karibu saa saba. Tulidhani saa ya mwalimu ni mbovu. Tukaipeleka kwa fundi saa wa sokoni, akaifungua, akaifunga, akasema saa ni nzima, wabovu ni ninyi. (Mzee huyu tutamtaja tena.) Vijana wakapima tena na tena. Mwezi Februari ilikuwa dakika kumi na mbili baada ya saa saba. Mwanzoni mwa Novemba ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na nane. Saa sita haikufika hata siku moja.

Aliyefumbua fumbo ni mama mmoja mzazi, si mwalimu. Alisema: kule kwetu Uvira saa iko nyuma ya hapa kwa saa moja. Ndivyo ilivyo. Saa ya Tanzania imewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo 45, ambao uko mbali mashariki, baharini. Saa ya mashariki ya Kongo inafuata longitudo 30, na kambi yetu iko karibu kabisa na mstari huo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, kwa hiyo jua linatufikia sisi saa nzima baada ya saa ya ukutani. Wazee wanaosikiliza redio za Kongo walicheka sana waliposikia. Mmoja akasema, kumbe jua la hapa bado linashika saa ya nyumbani. Hatukumsahihisha. Kwa hesabu hakukosea.

Jambo la pili lilitoka polepole. Mwezi Juni kivuli cha mchana kililala upande wa kusini, urefu wa sentimita 52. Mwezi Desemba kililala upande wa kaskazini, sentimita 35. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena siku chache kabla ya Machi kufika katikati, fimbo ilikosa kivuli kabisa kwa dakika chache, na watoto wa shule ya msingi walikuja kukitafuta. Vijana walichora pembe hizo mbili kwenye karatasi, wakazipima kwa protrakta, wakapata digrii 27 na nusu na digrii 19 na kidogo. Wakatoa moja kwenye nyingine, wakagawa kwa mbili. Wakapata digrii nne na kidogo. Hiyo ndiyo latitudo ya kambi, kusini mwa Ikweta.

Ndugu zetu, atlasi ya darasani haina kambi yetu. Ina Kigoma, ina Kasulu, ina ziwa, ina Kalemie ng'ambo. Mahali tunapolala pana rangi ya kijani tupu. Siku ile yule binti wa mtaa wa pili alichukua kalamu ya wino, akaweka nukta kwenye atlasi ya shule. Mwalimu wa zamu alitaka kumwadhibu kwa kuharibu kitabu. Tulimzuia.

Sasa darubini. Lenzi ya mbele ilikuwa ya miwani, namba +1, ambayo hukusanya mwanga umbali wa mita moja. Ya nyuma ilikuwa kile kioo cha kukuzia ambacho fundi saa hubana jichoni, chenye umbali wa sentimita 5. Ukigawa 100 kwa 5 unapata 20, yaani kitu kinaonekana kimekuzwa mara ishirini. Mwili wake ulikuwa kipande cha bomba la plastiki la maji, na sehemu ya kuvutavuta ilitengenezwa kwa kopo la mafuta ya mgao. Mwanzoni kila kitu kilikuwa na ukungu wa rangi za upinde wa mvua pembeni. Wakaziba lenzi ya mbele kwa kadibodi yenye tundu la sentimita mbili na nusu, picha ikapungua mwanga lakini ikatulia. Kwa chombo hicho waliona mashimo ya mwezi, na pembeni mwa Mshtarii wakaona nukta zile ambazo Galileo aliziona mwaka 1610. Kila kitu kilionekana kichwa chini. Mzee mmoja alipotazama mwezi alirudi nyuma akasema mmeugeuza, urudisheni.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa. Kupatwa kamili kulichukua dakika 103, kurefu kuliko kwingine kokote katika karne hii. Mnajua usiku wa kambi ulivyo. Kutoka nje saa nne ni jambo la kuombewa ruhusa, na tuliomba kwa ofisi ya kambi, kwa polisi na kwa walinzi wetu wa sungusungu, tukapewa hadi saa saba usiku. Kivuli kilianza kuula mwezi saa tatu na dakika 24. Kufika saa nne na nusu ulikuwa mwekundu kama udongo wa barabara yetu, na chini yake Mirihi nayo nyekundu, maana usiku huohuo ilikuwa imesimama upande wa pili kabisa na jua. Watu walianza kutoka vibandani kimoja kimoja. Baadhi ya mama walisali. Wengine waliambiana kwamba ni dalili ya vita. Vijana hawakubishana nao. Waliwaonyesha duara la kivuli kwenye uso wa mwezi, wakasema kivuli hicho ni chetu, sisi na Kigoma na Kongo na Burundi kwa pamoja. Walichora ukingo wake kila dakika kumi, na kwa michoro hiyo wakakadiria kwamba kivuli cha dunia ni kipana kuliko mwezi zaidi ya mara mbili na nusu, jibu lililokaribia sana hesabu za wataalamu.

Sasa yale machungu. Shule za kambini hazikuwamo katika orodha ya shule zilizoalikwa. Shule ya sekondari ya kijiji jirani ilikubali tuingie kwa jina lake, nasi tunaishukuru mpaka leo. Kisha vibali vya kutoka kambini: tuliomba sita, vikatoka vinne, alasiri ya siku ya mwisho, wakati hapakuwa tena na nafasi ya kuuliza. Waliobaki ni yule binti na kijana aliyepima kivuli kuliko wote. Tulisimama getini tukaamua nani apande gari. Hatutaki kulifanya jambo hilo tena.

Huko maonyeshoni waamuzi waliuliza kwa Kiingereza. Watoto wetu wamesoma kwa Kifaransa na wanaota kwa Kiswahili. Mmoja alinyamaza, tukaona jasho. Kisha akachukua chaki, akachora fimbo, jua na mstari wa 30 sakafuni, mwamuzi akachuchumaa naye, na robo saa nzima hawakuinuka. Fimbo ikapata zawadi ya pili, darubini ikapewa sifa maalumu. Cheti kikatoka kwa jina la shule iliyotupokea. Mwalimu wa shule hiyo alikileta mwenyewe kwa baiskeli, akasema hiki ni chenu. Tuliandika barua mbili kuomba jina lisahihishwe. Hatujajibiwa. Ndiyo maana chini ya cheti mtaona karatasi ya mkono yenye majina sita.

Wawili kati yao walihamishiwa Marekani na familia zao. Mmoja aliandika kwamba amesimamisha fimbo nyuma ya nyumba, na kwamba huko kivuli cha mchana hakielekei kusini hata siku moja katika mwaka. Mmoja amerudi Kongo. Kijana aliyebaki getini alifanya mtihani wa taifa wa Kongo, na sasa anafundisha fizikia hapahapa kwa posho ya mwalimu wa kujitolea. Binti ameolewa, yuko mtaa wa pili, na mtoto wake wa kwanza ndiye aliyeketi mstari wa mbele hapa akichezea kopo.

Ombi letu kwa wageni wa mashirika ni dogo: kwenye orodha ya vifaa vya mwaka ujao mtuwekee lenzi mbili za namba +1 na protrakta thelathini. Kwa Kamati: maombi ya vibali vya wanafunzi yapelekwe mwezi mmoja kabla, yasingoje wiki ya safari. Kile kioo tulishamrudishia fundi saa, lakini amekubali kutuazima leo. Mawingu yakituacha, darubini itafunguliwa saa mbili usiku nyuma ya shule. Watoto watangulie, wazee tufuate.