Mtihani wa Kusikiliza

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililo katika jamaa nyingi za makanisa yetu, lakini hutajwa kwa kunong'ona. Ni habari ya watoto wetu walioko Marekani, huko Minnesota, Texas na Massachusetts, waliosomea kazi ya ustawi wa jamii na sasa wanajitayarisha kwa mtihani wa leseni.

Sisi huku nyumbani twadhani mtu akiisha kuvaa joho na kupigwa picha, masomo yamekwisha. Kule sivyo. Kila jimbo lina bodi yake itoayo leseni, na bodi hizo hutumia mitihani ya shirika moja liitwalo Association of Social Work Boards. Kwa miaka mingi mtihani huo umekuwa wa maswali 170, ya kujibiwa kwa saa nne mbele ya kompyuta. Kati ya hayo, 20 yalikuwa ya majaribio tu, hayahesabiwi, wala mtahiniwa hakuambiwa ni yapi. Aliyeanguka kwa kawaida hungoja siku 90 ndipo arudie, na ada hulipwa upya.

Ugumu wake si wa kukariri tu. Swali laeleza mtu na shida yake, kisha lauliza: mfanyakazi afanye nini kwanza? Majibu yote yaweza kuonekana mema. Tuseme mama amekuja ofisini akilia, asema mumewe amefutwa kazi, naye hataki kulala tena nyumba ile. Jibu moja lasema atafutiwa mahali pa kulala. La pili, mume aitwe wapatanishwe. La tatu, aulizwe zaidi, ijulikane kama yuko hatarini. Sisi tuliolelewa penye baraza la wazee, wengi wetu tungekimbilia la pili. Mtihani wataka la tatu. Usalama hutangulia, kisha kuuliza na kuelewa, ndipo kutenda.

Na uamuzi hubaki kwa mwenye shida. Kanuni za maadili za kazi hiyo, ambazo chama chao cha taifa kilizipitisha mara ya kwanza mwaka 1960, zaheshimu haki ya mtu kujiamulia mambo yake. Jambo hili latusumbua hata sisi wachungaji, maana ulimi wetu umezoea kushauri. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku 7 kimya, na hapo walifanya kazi nzuri. Mambo yaliharibika walipoanza kusema.

Kwa hiyo anayejitayarisha afanye maswali mengi ya mazoezi, saa ikiwa mezani, na kila alipokosa asome sababu mpaka aielewe. Asijibu kwa mazoea ya pale anapofanya kazi. Ajibu kwa yale swali lilivyosema, asiongeze hadithi yake. Tena, ikiwa Kiingereza si lugha yake ya kwanza, aulize bodi mapema kama aweza kuongezewa muda, kwa kuwa majimbo mengine huruhusu. Wengi huona haya kuuliza.

Sasa neno kwa wazazi. Mwaka 2022 shirika hilo lilichapisha matokeo yake wazi. Katika mtihani wa ngazi ya tiba wa mwaka 2021, Wazungu waliofanya mara ya kwanza walifaulu yapata 84 katika kila 100. Watu weusi walifaulu 45. Waalimu na wafanyakazi wengi walilalamika kwamba kasoro imo katika mtihani wenyewe, nasi hatuoni kwamba lalamiko hilo ni la kupuuzwa. Basi kijana akianguka, tusiseme ni mvivu, wala tusimkumbushe kwamba nauli yake ilichangwa kwa harambee. Anakumbuka. Huenda anazuru wagonjwa mchana kutwa, na kitabu anakifungua saa nne ya usiku.

Tumwombee, ndiyo, na tumwambie kwamba twamwombea. Lakini juma lile la mtihani simu zipungue. Habari ya mabati, ya ng'ombe aliyeugua na ya karo ya mdogo wake zaweza kungoja hadi Jumatatu.