Sura Yako na Watu Wako

Leo kila mmoja achukue kipande cha makaa, karatasi na kioo. Kama huna kioo, beseni la maji yaliyotulia litatosha. Utachora uso wako mwenyewe.

Najua wako watakaocheka: "Mimi nina uso wa kuchorwa?" Cheka, ndugu, lakini shika makaa.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika huku kusini. Alipita Masasi, akapanda Newala, akapiga picha nyingi za watu. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908, chini ya picha nyingi aliandika kabila na mahali tu: mwanamke wa Kimakonde, mwanamke wa Kimakua. Jina hakuna. Mama yule alikuwa na jina, na watoto, na shamba. Leo wajukuu wake waweza kuutazama uso ule wasijue kuwa ni wa bibi yao.

Lakini Weule alifanya na jambo jingine, nalo nalisifu. Aliwapa watu karatasi na kalamu za risasi wachore wapendavyo. Mnyapara wa wapagazi wake, Pesa Mbili, aliuchora msafara ukiwa njiani. Picha ile ilichapwa pamoja na jina la mchoraji, na ndiyo maana mimi naweza kukutajia.

Haya, tazama kioo. Usianze na macho. Anza na umbo la uso: ni duara, au mrefu kama yai? Pua hiyo umeipata kwa nani? Wamakonde wa huku huhesabu ukoo kwa upande wa mama, basi uliza kwanza kwa mama na kwa mjomba. Lakini kama taya ni la baba, lichore vilevile.

Zamani chale za usoni zilimtambulisha Mmakonde popote alipokwenda, na mwanamke alivaa ndonya katika mdomo wa juu. Vijana hawachanjwi tena. Alama zile utaziona bado katika vinyago vya ngoma ya midimu, kwa kuwa wachongaji walizichonga kama walivyoziona kwa watu wao. Kama nyumbani yuko mzee mwenye chale, mwombe akae karibu, uuchore uso wake kando ya wako. Muulize alichanjwa wapi, na nani. Kuchanjwa kuliuma, na wengine walichekwa walipofika mijini, akinyamaza, usimlazimishe.

Ukikosea, pangusa kwa kidole uchore tena. Makaa si ghali.

Ukimaliza, andika chini jina lako, jina la mama yako, kijiji na mwaka. Herufi zote umekwisha kujifunza. Ukisahau moja, muulize jirani. Ukimchora mzee, andika na jina lake. Jumatatu leteni picha darasani, tuzitundike ukutani.