Bunduki na Kujitetea

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chasema anayetetea nafsi au mali ahukumiwe kwa misingi ya sheria ya Kiingereza. Maana yake, hatari iwe mbele yako, na nguvu zako zisizidi haja. Katika kesi ya Palmer wa Jamaica, mwaka 1971, majaji walikubali kuwa aliyeshambuliwa hawezi kupima nguvu zake barabara. Naam, kwani ana mizani mkononi? Lakini mwizi wa behewa akitupa gunia akakimbia, hatari imekwisha. Ukimwelekezea bunduki mgongoni, mshtakiwa waweza kuwa wewe. Ukimpiga akafa, ni kesi ya kuua. Walinzi wa Chaani, pigeni filimbi, mwacheni aende, mkaandikishe polisi.