Ugonjwa Ukifunga Njia, Tusifunge Habari

Nasema hasa nanyi mliokimbia makwenu, mnaoishi leo katika nyumba za watu huko Fizi, Baraka, Mboko na kando yote ya ziwa. Leo tuzungumze neno moja: ugonjwa wa kuambukiza ukija, tukaamriwa kukaa mbalimbali, tutabaki ndugu kwa njia gani?

Tukumbuke mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi. Muda mfupi baadaye shule, makanisa na misikiti vilifungwa, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Tarehe 24 Machi Rais wa Jamhuri alitangaza hali ya dharura, na mipaka ikafungwa. Hali hiyo ilidumu mpaka Julai. Makanisa yalingoja mpaka Agosti.

Tuliambiwa: kaeni nyumbani. Lakini wewe uliyekimbia bunduki, nyumbani ni wapi? Familia tatu zinalala katika vyumba viwili. Umbali wa mita moja utaupata wapi? Na mama anayeuza ndagala, chakula chake cha jioni kinatoka katika soko la asubuhi. Shauri la daktari lilikuwa la kweli, lakini halikutukuta sote katika hali moja.

Kuna jambo lingine ambalo halikusemwa sana. Kwetu, watu wa makabila mbalimbali hukutana sokoni, kwenye ibada na kwenye kilio. Hapo Mbembe, Mbuyu, Mfuliiru, Mvira, Munyamulenge na mkimbizi Mrundi wa Lusenda huonana uso kwa uso. Mahali hapo pakifungwa, habari hukatika, na habari ikikatika uvumi huchukua nafasi yake. Utasikia: "Wale ndio walioleta ugonjwa." Kesho yake utasikia: "Wale wanajificha, wanapanga vita."

Tarehe 23 Machi 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliomba silaha zinyamaze duniani kote ili watu wapambane na ugonjwa. Katika milima yetu hazikunyamaza. Watu wa amani walikatazwa kukusanyika, lakini wenye bunduki waliendelea kukusanyika. Hayo yatufundishe: utengano wa mwili ukiachwa peke yake, hulisha utengano wa moyo.

Msiseme jambo hili limepita. Kipindupindu tunakijua tangu zamani. Mwaka 2023 aina mpya ya ugonjwa wa mpox ilionekana Kamituga, kwa jirani zetu wa Mwenga, na Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni liliutangaza kuwa dharura ya dunia. Ugonjwa huo hupita kwa kugusana. Siku nyingine tena tutaambiwa tusishikane mikono. Basi tujitayarishe sasa, kwa mambo manne.

La kwanza ni habari. Kila avenyu na kila kambi ichague watu wawili, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, na mmoja wao awe mwanamke. Kila juma waende pamoja kwenye kituo cha afya, wamsikilize muuguzi, kisha wapeleke maneno yale yale pande zote mbili. Uongo hauna nguvu pale ambapo watu wawili wasio wa ukoo mmoja wanashuhudia neno moja.

La pili ni kilio. Mwaka 2020 ilikatazwa kukesha matanga. Maiti ilipelekwa moja kwa moja kaburini na watu wachache. Lakini kwetu asiyefika kwenye kilio huhesabiwa kuwa adui. Usiache deni hilo likae kimya. Tuma mjumbe mmoja asimame mbali na kutoa pole kwa jina la ukoo wako, au piga simu. Taja wazi kwamba njia ikifunguliwa utakuja kuketi nao. Kisha uende kweli.

La tatu ni soko. Badala ya kulifunga kwa hofu, wakuu na wauzaji wapatane kutawanya meza na kugawa siku. Maziwa ya mlimani yanahitaji chumvi na ndagala za ziwani, na ndagala zinahitaji mnunuzi. Anayekula kwa jasho la mwenzake huogopa kumchomea nyumba.

La nne ni sheria, na hapa nasema nanyi wakuu. Hali ya dharura haifuti Katiba. Kifungu cha 144 kinaipa siku 30, na Bunge pekee linaweza kuiongeza, siku 15 kwa 15. Kifungu cha 61 kinasema hata wakati huo mtu hawezi kuteswa, wala kuadhibiwa kwa kosa lisiloandikwa katika sheria, wala kufungwa kwa sababu ya deni. Kwa hiyo mkuu wa kijiji hawezi kujitungia faini, askari wa bariere hawezi kuuza ruhusa ya kupita, wala hakuna anayeweza kufukuza familia kwa sababu imetoka mahali penye ugonjwa. Aliyekimbia vita ndani ya nchi yake ni raia kamili. Mgonjwa anapelekwa hospitali, hafukuzwi.

Ndugu zangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Jioni hii, mwenye nyumba na mgeni wake waketi waulizane: njia zikifungwa kesho, nani atatuletea habari za wale wa upande wa pili, na nani atawapelekea zetu? Mkishapata majina mawili, mpelekeeni mkuu wa kartie.

Amani ikae nanyi.