Mtu wa fildi si kibarua wa bure

Nimepewa dakika chache, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi nasoma sheria, tofali sijui kupanga. Lakini hapa Runzewe, na hata ukienda Ushirombo, kila upande kuna saiti: fremu za maduka, gesti, madarasa. Na mara nyingi utamkuta kijana mmoja ameshika daftari, amevaa kandambili. Huyo ni mtu wa fildi. Anasoma usimamizi wa ujenzi, amekuja kujifunza kazi kazini. Wengine mpo hapa, nawaona mnacheka.

Kujifunza kwenyewe sina ugomvi nako. Chuoni unafundishwa vipimo vya zege. Saiti ndiyo inakuonyesha fundi akiongeza maji ili zege limwagike kirahisi, na nguvu yake inapungua hapo hapo. Nguzo inamwagwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hakuna wa kuimwagilia. Mifuko ya saruji inahesabiwa asubuhi tu, jioni hakuna anayehesabu. Haya si mambo madogo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lilianguka katikati ya Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo. Tunamhitaji kijana anayeona mapema.

Shida inaanza wiki ya tatu. Msimamizi anaondoka, kijana anaachiwa stoo, anaachiwa vibarua, Jumatatu mpaka Jumapili. Akiomba hata hela ya chakula anajibiwa: "Wewe si umekuja kujifunza?"

Sasa sikilizeni. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa. Je, unaelekezwa namna ya kufanya kazi? Saa zako zinapangwa na mtu mwingine? Vifaa unapewa na yeye? Kuna na kigezo cha wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Fildi nyingi hazifiki miezi mitatu, lakini hicho ni kimoja tu, vingine vinabaki.

Sisemi kila mtu wa fildi ni mwajiriwa. Kama unakuja kuangalia, unauliza, unaondoka, wewe ni mwanafunzi, na barua ya chuo itatumika kukupinga. Ila aliyeachiwa saiti nzima, huyo ana hoja ya kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya malipo yana siku 60, msikae mpaka mtangaziwe matokeo ya chuo. Na habari ya kandambili: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Buti siyo zawadi, jamani.

Ushahidi wako ni lojibuku. Wengi wanaijaza usiku mmoja kabla ya kuipeleka chuo, wananakiliana. Andika kila siku: umefika saa ngapi, nani kakutuma, umefanya nini, umetoka saa ngapi.

Halafu kuna hili la kusaini. Mzigo umeshuka mifuko 160, karatasi inasema 200, unaambiwa "saini dogo, ni utaratibu." Usisaini. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinahusu hati za kudanganya namna hiyo, na jina litakaloonekana pale ni lako, siyo la aliyekutuma. Kama ni darasa linalojengwa kwa fosi akaunti, ile mifuko 40 ni ya watoto wa kata hii. Hapo ndipo siasa yetu ilipo, kuliko kushinda tunabishana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Jumamosi ijayo nitakuwa ofisi ya chama ya kata, saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Mwenye mgogoro aje na barua ya chuo, lojibuku yake, na meseji zote alizotumiwa na msimamizi. Msizifute.