Madini ya Chuma na Ulimi wa Mtoto
Katika utafiti uliofanyika Kengeja, kusini mwa Pemba, na kuchapishwa mwaka 2001, watoto 614 wa miezi 6 hadi 59 walifuatiliwa kwa miezi 12, ikaonekana kuwa waliopewa madini ya chuma, yaani kirutubishi kinachouwezesha mwili kutengeneza damu, waliendelea zaidi katika lugha. Hata hivyo, utafiti mwingine wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulibaini kuwa dawa ya madini hayo yaweza kuongeza hatari ya kulazwa na kufa palipo na malaria nyingi. Hivyo mzazi asiinunue kabla damu ya mtoto haijapimwa. Lisilongoja kipimo ni mazungumzo: mama akunaye nazi huku akimtajia mwanawe kifuu, chicha na mbuzi (ya kukunia, si wa maziwa), akamsubiri ajibu japo kwa kubabaika, tayari anamfunza.