Ugiriki Baada ya Drakma

Ugiriki ilijiunga na yuro mwaka 2001 na kuiaga drakma. Faida ilionekana haraka: serikali ilikopa kwa riba iliyokaribiana na ya Ujerumani. Lakini mishahara na bei vikapanda kwa kasi, huku Ujerumani ikibana mishahara yake. Bidhaa za Ugiriki zikawa ghali, na nchi ikaagiza zaidi kutoka nje kuliko ilivyouza.

Zamani ingeshusha thamani ya drakma ili mauzo ya nje yapate unafuu. Ndani ya yuro, mlango huo ulifungwa. Deni likaielemea nchi, na mwaka 2010 ukaja mkopo wa uokoaji wa yuro bilioni 110. Badala ya sarafu, mishahara ndiyo ikashushwa: mwaka 2012 kima cha chini cha mshahara kikakatwa kwa asilimia 22, na mwaka uliofuata zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira. Mzigo mzito mno kwa wananchi wa kawaida.

Somo hilo linaihusu pia Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotia saini itifaki ya umoja wa fedha mwaka 2013, jijini Kampala. Sarafu moja iliyotarajiwa 2024 imesogezwa hadi 2031. Vigezo vyake vikuu vinapima mfumuko wa bei, nakisi ya bajeti, deni la umma na akiba ya fedha za kigeni. Tija ya viwanda, inayoamua kama bidhaa zitakuwa ghali kama za Ugiriki, haimo, na hilo ni pengo la kuzibwa mapema.